"Presently": ni sasa, au ni sasa hivi ya fundi?

Wiki jana kijana mmoja wa kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, alinijia ofisini hapa Mombasa, simu mkononi. "Mzee, hebu nisomee hii. Hati wanazituma au watazituma?" Ilikuwa barua pepe ya mstari mmoja kutoka kwa wakala wa meli ng'ambo, na katikati limekaa neno "presently". Yeye alilifahamu kuwa ni "sasa". Akangoja siku mbili, kontena liko bandarini Kilindini, siku za kukaa bure zinayoyoma na storeji, ada ya kulihifadhi, yanyemelea.

Simlaumu. Kazi yangu ni kutafsiri hati, na neno hili hunisimamisha hadi leo.

Mzizi wake ni "present", neno la Kilatini lililopitia Kifaransa: kilicho mbele yako, kilichopo. Likatiwa mkia wa "-ly", likawa kielezi. Zamani lilimaanisha papo hapo. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mathayo 21:19, Yesu anaulaani mtini nao unanyauka "presently". Wafasiri wetu waliandika: "Mtini ukanyauka mara." Mwingereza wa leo asiyejua historia ya neno aweza kudhani mti ulijipa muda kidogo kwanza.

Lilivutwa na nani kutoka "papo hapo" hadi "baadaye"? Na sisi binadamu. Mtu akiitwa hujibu "naja mara moja", kisha amalize chai yake. Akifanya hivyo kila siku, neno huchoka. "Soon" katika Kiingereza cha kale lilikuwa "mara moja", "anon" vilevile. Hata "by and by", ambalo leo ni la mtu asiye na haraka, katika Biblia hiyohiyo, Marko 6:25, limo kinywani mwa binti anayekitaka kichwa cha Yohana, na alikitaka saa ileile.

Basi Uingereza "presently" likawa "baada ya kitambo". Lakini Scotland na Marekani maana ya "kwa sasa" haikufa. Kwa hivyo kabla sijatafsiri hutazama barua imetoka wapi, kisha hutazama kitenzi. Meli "is presently at anchor": imetia nanga, iko pale. Meli "will presently berth": itafunga gatini baada ya muda. Kwenye hadithi ya wakati uliopita, ni "punde si punde". Taabu ni sentensi kama ya yule kijana, "we are presently sending", kwa sababu kitenzi cha namna hiyo Waingereza hukitumia kwa sasa na kwa baadaye pia.

Na tusiwacheke. "Ametoka sasa hivi", "yuko kazini sasa hivi", "naja sasa hivi": nyakati tatu, neno moja, na hiyo ya mwisho muulize aliyewahi kungoja fundi wa mfereji. Habari za hivi punde zimeshatokea. Atakayekuja hivi punde bado hajavaa viatu. Ndiyo maana katika barua ya kawaida "sasa hivi" hulibeba "presently" vizuri mno, pamoja na utata wake. Katika mkataba silitumii kamwe. Huandika "kwa sasa" au "baadaye kidogo", na nikishindwa kujua humrudia mwandishi.

Nikamwambia kijana awaandikie, awaulize siku na saa. Jibu likaja jioni, neno moja: "Shortly."