Nani Kakwambia Nilikuwa Nasita?

Jumatatu nimepigiwa tena ile simu. Mteja anauza pampu za maji za sola, anataka brosha ya kugawa Nanenane kule Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. "Kaka, maneno yapo tayari kwa Kiingereza, mabosi wameshapitisha. Wewe weka tu Kiswahili."

Weka tu. Kama chumvi.

Nilipofungua faili, nikakuta kuna aliyekwisha kujaribu: "Tupo wazi saa 8 asubuhi hadi saa 5 jioni." Saa 5 jioni haipo duniani. Na mkulima akiamua kusamehe hayo maneno ya asubuhi na jioni, akafuata namba peke yake, atafika mlangoni saa nane mchana akijua ndiyo kwanza mnafungua. Andikeni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, tusonge.

Linaloniudhi hasa liko ukurasa wa nyuma: "Usisite kuwasiliana nasi." Nani alisita? Mtu kasoma vizuri hadi mwisho, hana wasiwasi wowote, halafu unamkataza kusita. Sasa anaanza kujiuliza kuna nini. Najua lilikotoka: kwa Kiingereza ule ni upole. Upole wetu hauji kwa kukataza. Mgeni akisimama mlangoni humwambii "usiogope kuingia", unamwambia karibu, na kiti unamsogezea. Kwenye brosha, kiti ni kumweleza nani atapokea simu na atamsaidia nini: "Piga, fundi akwambie kisima chako kinataka pampu ipi." Hapo mtu ana sababu ya kutumia salio lake.

Ndugu zake "usisite" ni "furahia" (nimewahi kuona "furahia mkopo wako", nikacheka peke yangu kwenye daladala) na "suluhisho la umwagiliaji". Ndiyo, kamusi inaruhusu suluhisho. Lakini mkulima wa Mbarali hajaja kusuluhishwa na mtu. Kaja kununua pampu. Iite pampu.

Halafu nikilalamika naambiwa Kiswahili ndicho kirefu, hakienei kwenye karatasi. Tuangalie. Rasimu ilisema: "Pampu yetu inakuhakikishia upatikanaji wa maji ya uhakika kwa ajili ya shughuli zako za umwagiliaji." Maneno 15. Nikaandika: "Maji yatafika shambani hata petroli ikipanda bei." Maneno 7, na sababu ya kuacha jenereta imo humo humo. Kilichorefusha ni hao kina upatikanaji na umwagiliaji, na "kwa ajili ya", lugha ya barua za ofisini inayozaliwa mtu anapofukuzana na sentensi ya kigeni neno kwa neno. Kiswahili hiki hiki kinasema "hatukutozi" kwa neno moja.

Nikubali kidogo: maneno yetu mengine ni marefu kweli, na A4 ya kukunjwa sehemu tatu inakupa safu ya kama sentimeta 10, ukitoa pambizo inabaki 8. Ukinyoosha maandishi kingo zote mbili unapata mapengo kama meno ya darasa la kwanza. Acha ukingo wa kulia usinyooke. Na zima ule ukataji wa maneno wa kompyuta. Umenikatia "wak-ulima" mara ngapi. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, mashine haijui.

Pia walinipa wati na volti, ukurasa mzima. Nikauliza inamwagilia eka ngapi kwa siku, inavuta kutoka kina gani, na siku ya mawingu inakuwaje. Kimya cha dakika nzima. La mawingu hawakutaka kabisa liandikwe, nikaling'ang'ania, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakalouliza mtu bandani.

Sitajifanya najua yote. Kuna zahanati niliiandikia Kiswahili chepesi, cha kuzungumza, nikajisifu. Mwenyewe akasema kinafanana na bango la mganga kwenye nguzo ya umeme. Huenda alikuwa sahihi. Kuna wasomaji wanaoamini zaidi wakiona lugha imevaa tai, na bado sijajua mstari uko wapi. Wala sijui brosha inauza kiasi gani. Niliwahi kuweka namba ya simu ya kwenye brosha tu, wakapiga wengi, nusu wakasema wamepewa namba na jirani. Jirani aliipata wapi? Sikuuliza, na hadi leo najilaumu.

Jana wamenirudishia nakala ya mwisho. Saa wamerekebisha, mawingu yamo. "Usisite" bado ipo nyuma, kwa herufi kubwa sasa, maana bosi anaipenda.