Uzungumzi nafsia katika tanzia

Uzungumzi nafsia ni maneno ambayo mhusika huyatamka akiwa peke yake jukwaani, au akidhani yuko peke yake, huku hadhira ikimsikia. Hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Caesar, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, haimo humu, hata kwa urefu wake wote, kwa sababu Antony ana umati wa kuushawishi.

Uzungumzi nafsia una kazi gani? Wanafunzi wengi hujibu kwamba kazi yake ni kufichua mawazo ya mhusika. Jibu ni sahihi ila halitoshi. Tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa maafa, hutuuma zaidi pale tunapojua kwamba mtu aliiona njia ya kugeuka akaiacha. Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina lake, kabla ya kumuua Mfalme Duncan, anajihesabia mwenyewe: mimi ni jamaa yake na raia wake, tena ni mwenyeji wake, niliyepaswa kumfungia muuaji mlango, sio kushika kisu mwenyewe. Anakiri kwamba kinachomsukuma ni tamaa ya makuu tu. Muda mfupi baadaye mkewe anamgeuza, na usiku huohuo Duncan anauawa. Baada ya kusikia yale, hatuwezi tena kumtetea kwamba hakujua alitendalo.

Wagiriki wa kale waliutumia uzungumzi nafsia kwa nadra, maana korasi, yaani kundi la waimbaji, ilikuwepo jukwaani karibu muda wote. Mtunzi wao Sophocles, katika tanzia yake ya Ajax, ilibidi aiondoe korasi kwanza ndipo shujaa Ajax abaki peke yake na upanga atakaojiua nao. Kwenye Globe, ukumbi wa kundi la Shakespeare uliojengwa London mwaka 1599, maonyesho yalifanyika mchana na watazamaji waliuzunguka ukingo wa jukwaa, kwa hiyo mwigizaji aliyesema peke yake aliwaona usoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Mfalme Claudius anakiri, akiwa peke yake, kwamba amemuua ndugu yake, aliyekuwa baba wa Hamlet, na kwamba hawezi kutubu huku angali na taji na malkia. Anapiga magoti. Hamlet anaingia na upanga, anaona mtu anayesali, anahofia kwamba akimuua sasa atampeleka peponi, anaahirisha. Akishaondoka, Claudius anainuka na kusema maneno yake yamepaa lakini mawazo yamebaki chini. Sala haikuwepo. Sisi tunajua, Hamlet hajui, na punde anamuua Polonius, mshauri wa mfalme, aliyejificha nyuma ya pazia akidhani ni mfalme. Hicho ndicho kinaya kinachobebwa na uzungumzi nafsia.

Je, asemaye peke yake husema kweli daima? Kwa kawaida haidanganyi hadhira, lakini anaweza kujidanganya mwenyewe. Iago, askari wa jemadari Othello katika tamthilia ya Othello, mara analalamika mbele ya mwenzake Roderigo kwamba Cassio amepewa cheo alichokitaka yeye, mara, akiwa peke yake, anamshuku Othello kwamba amelala na mke wake yeye Iago, kisha anakiri hana uhakika na tuhuma hiyo, ila ataichukulia kama kweli. Mchambuzi anayemnukuu Iago kama ushahidi wa chanzo cha chuki yake ana kazi ya kueleza kwanza kwa nini amechagua sababu ile akaiacha nyingine.