Mtini unaovumilia baridi: hapa Mwanza unautaka kwa sababu nyingine kabisa

Pale kitaluni kwangu Buhongwa hakosekani mtu kashika simu, kaona mtini wa Chicago Hardy au Brown Turkey mtandaoni, umeandikwa unavumilia baridi kali, ananiuliza "bwana shamba, sasa huu kwa joto la Mwanza si utakufa?" Haufi. Tena namwambia huo huo ndo achukue, ila sio kwa ajili ya baridi, maana baridi yetu hata usiku wa Julai ni ya sweta tu, nyuzi 15 hivi, wenzetu Chicago wanapambana na theluji.

Kuvumilia kwenyewe kuko hivi. Baridi ikishuka kupita hasi 12 hivi, matawi yanakauka mpaka chini lakini mizizi inabaki hai, alafu joto likirudi mti unachipua upya na yale machipukizi ya mwaka huo huo ndo yanazaa. Kuna mitini mingine inategemea sana matawi ya mwaka jana, ukikata tawi umekata na tunda. Kwahiyo hii tabia ya kuzaa kwenye tawi jipya ndo unailipia, kwa sababu huku kwetu mkasi unafanya kazi ya theluji. Brazil, kule Valinhos jimbo la São Paulo, wanalima jamii ya Brown Turkey, wenyewe wanaita Roxo de Valinhos, na kila mwaka wanakata karibu matawi yote wanaacha visiki vifupi tu, mavuno yanakuja kwa msimu walioupanga wao. Mi nakata mwezi wa pili, kile kijua cha kati ya vuli na masika, tini zinaanza kuiva kuanzia mwezi wa sita mvua imeshakata. Tini ikiivia kwenye mvua inapasuka, inachacha, na nzi wanaingia kwa kile kitundu cha chini. Ukiweza kupata mtini wa aina ya Celeste, kitundu chake kimebana vizuri, mi naupenda sana kwa hilo.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri. Watu wengi wanachukua mbegu za zile tini kavu za mwezi wa Ramadhani wanapanda, zinaota vizuri kabisa, mti unakua mpaka juu ya ukuta, miaka inapita tini zinatoka ndogo ndogo zinadondoka zote. Mti hauna ugonjwa wowote. Tini kavu nyingi zinatoka Uturuki na ni za aina ya Smyrna, hizo lazima nyigu mdogo sana aingie ndani na chavua ya mtini dume ndo tunda likae, na huyo nyigu huku hayupo. California waliteseka hivyo hivyo, miti walipanda miaka ya 1880 ikawa inamwaga matunda tu mpaka nyigu walipoletwa na kuzoea mwaka 1899. Na nyigu wa kwenye mikuyu yetu usiwategemee, wao wana mkuyu wao. Kwahiyo panda pingili, usipande mbegu, na iwe ya mtini unaozaa bila nyigu, hao watatu niliowataja wote wanazaa bila nyigu.

Pingili iwe nene kama penseli, urefu sentimita 20 hivi, iache utomvu ukauke kwanza alafu chomeka kwenye mchanga kivulini, maji kidogo, ukizidisha inaoza. Vaa glavu, ule utomvu ukikugusa alafu ukapigwa na jua ngozi inaungua na kuacha madoa.

Adui mkubwa Mwanza ni kutu, ugonjwa wa ukungu wa majani. Masika utaona chini ya jani vidoti vya rangi ya kahawia, kabla hujakaa sawa majani yamepukutika. Okota yote uchome, mwagilia shinani sio juu ya majani, acha matawi makuu manne matano tu upepo upite, na dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) piga mapema kabla mvua haijakolea.

Wa pili ni minyoo fundo, kijinyoo cha udongoni kinachoshambulia mizizi, anapenda huu udongo wetu wa kichanga wa kwenye miamba. Ukichimbua mizizi unakuta vinundu vinundu. Palipokuwa na nyanya au bamia usipande mtini. Kama bustani nzima imeshaathirika panda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa, udongo wa sehemu nyingine na samadi iliyooza. Walioko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, inueni tuta, maji yakituama mizizi inakufa.

Tini ikianza kulainika ndege wanajua kabla yako, funika kwa nyavu kuukuu za dagaa, pale mwalo wa samaki wa Kirumba huwezi kuzikosa, zivute zikaze ndege wasinase. Chuma pale shingo ya tini imelegea na inainama yenyewe, ukichuma mbichi haiivi ndani hata ukiifunika kwenye unga. Na ile siku ya kuchuma ndo ya kula, kesho yake tayari imeanza kuchacha.