Homologesheni: kanuni iliyoleta magari ya mashindano barabarani

Wapenzi wa magari ya zamani ya spoti wakikutana, neno homologesheni halikosi kutajwa. Mara nyingi ndilo linaloamua kama gari litauzwa kwa bei ya gari au kwa bei ya jumba la ghorofa.

Kabla aina ya gari haijaruhusiwa kushindana katika kundi fulani, lazima FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, iikague na kuiidhinisha. Huko ndiko kuhomologesha. Kwa makundi yaliyotakiwa kufanana na magari ya barabarani, sharti zito lilikuwa idadi: kiwanda kiunde kwanza magari kadhaa ya aina hiyo, ili tajiri asije na gari moja la ajabu na kuondoka na kombe. Viwanda vikaligeuza sharti hilo. Badala ya kuliongezea makali gari la dukani, vikaanza kubuni gari la mashindano, kisha vikawauzia wananchi idadi iliyodaiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Porsche 911 Carrera RS 2.7, lililooneshwa Paris Oktoba 1972. Porsche ilihitaji kuunda magari 500. Watu wa mauzo walihofia hayatapata wanunuzi, lakini yaliisha upesi, na mwishowe yakaundwa 1,580. Litazame kwa karibu uone dhamira yake. Magari ya mwanzo yana bati jembamba la bodi na vioo vyembamba. Toleo jepesi halina viti vya nyuma wala saa kwenye dashibodi, na ukiwa ndani unafungua mlango kwa kuvuta kamba. Uzito ulishuka hadi takribani kilo 960, na injini ikatoa nguvu farasi 210. Spoila iliyoinuka juu ya injini, ambayo kwenye 911 iko nyuma, maarufu kama mkia wa bata, si pambo: inapunguza nguvu ya upepo inayonyanyua nyuma ya gari kwenye mwendo mkali. Ilibidi iwemo kwenye gari la dukani ndipo iruhusiwe kwenye mashindano.

Ferrari walicheza mchezo huo kwa ujasiri zaidi. Gari lao la 250 GTO lilitakiwa kufikia 100. Kati ya 1962 na 1964 wakaunda 36 tu. Hoja yao ilikuwa kwamba ni toleo lililoboreshwa la 250 GT lililokwisha kuidhinishwa, na FIA ikakubali. Walipoirudia hoja hiyo kwa 250 LM, wakakataliwa. Agosti 2018, GTO moja iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4.

Afrika Mashariki tuliiona kanuni hii kwenye vumbi la Safari Rally. Toyota Celica Twin-Cam Turbo, mshindi wa 1984, 1985 na 1986, lilikuwa la Group B, kundi lililodai magari 200 tu. Kundi hilo lilifutwa baada ya ajali za vifo za 1986, na Group A likashika nafasi ya juu likidai 5,000, baadaye 2,500. Kwa maoni yangu hapo ndipo kanuni ilipozaa matunda yake matamu, maana idadi hiyo iliwafikia hata watu wasio matajiri wakubwa: Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Mitsubishi Lancer Evolution. Mkenya Ian Duncan alishinda Safari ya 1994 kwa Celica la turbo la ukoo huohuo. Mwaka 1997 zikaja kanuni za World Rally Car, na kiwanda hakikulazimika tena kuuza gari la turbo lenye kuvuta magurudumu yote manne ili kushindana nalo.

Mnunuzi wa leo hutafuta ushahidi kwamba gari limo katika idadi ile iliyoundwa kiwandani. Mkia wa bata fundi wa bodi anaweza kuufunga kwenye 911 nyingine ya miaka ile, na jina la Carrera ubavuni ni stika tu. Kwa RS, mkaguzi hutazama namba ya shasi iliyogongwa kwenye bati ndani ya buti ya mbele, kisha alama 911/83 kwenye injini, na kwa magari ya mwanzo hupima hata unene wa bati.