Michoro ya Hataza za Wanawake Wavumbuzi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kwa anayetengeneza sanaa ya kidijitali, michoro ya hataza za kale, yaani hati za serikali zinazolinda uvumbuzi, ni malighafi ya bure. Ipo mtandaoni, inapakuliwa kwa simu, na mistari yake ni mizuri. Kinachoharibu kazi ni yale ambayo watu wanayaamini kuihusu.

"Hataza ni mali ya mtu, kuutumia mchoro wake ni wizi."

Hataza hulinda uvumbuzi, yaani haki ya kuutengeneza, kuutumia na kuuuza, na ulinzi huo una mwisho. Marekani ulikuwa miaka 17 tangu hataza itolewe. Tangu 1995 ni miaka 20 tangu ombi lipelekwe. Hataza ya mashine ya kuoshea vyombo ya Josephine Cochran, namba 355,139 ya Desemba 28, 1886, iliisha muda wake mwaka 1903. Kuhusu mchoro wenyewe, Ofisi ya Hataza ya Marekani inaeleza kwamba maandishi na michoro ya hataza kwa kawaida haifungwi na hakimiliki, ila kwa hati mpya angalia kama mwenyewe ameweka tangazo la hakimiliki ndani yake.

Kinachokuwa chako ni ulichoongeza: rangi, mpangilio, umbo jipya. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, kazi hiyo inalindwa tangu inapoundwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi tu. Mchoraji mwenzako wa Sinza akichukua namba hiyohiyo 355,139 akaifanyia yake, huna la kumdai.

"Michoro ya hataza ilikuwa ya bluu yenye mistari myeupe."

Hapana. Ilichorwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Ile bluu ni ya mbinu ya kunakilia iliyobuniwa na mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, ambayo mafundi na wahandisi waliitumia kutoa nakala za ramani zao. Ukiipenda bluu itumie, lakini usiandike "mchoro halisi" pembeni. Na ujue gharama yake: bluu iliyojaa karatasi nzima inakula wino, na mashine ikiwa haijasafishwa vizuri inaacha michirizi ya mlalo ambayo kwenye nyeupe isingeonekana.

"Faili likishapakuliwa, unalitanua tu linakuwa bango."

Hapa ndipo wengi wanapokwama pale Kariakoo, fundi wa kuchapa akiwa anasubiri. Ukurasa wa hataza ulioskaniwa kwa kawaida una nukta 300 kwa inchi, takriban pikseli 2,300 kwa 3,400, na kila pikseli ni nyeusi au nyeupe tupu. Kwenye A4 bado una karibu nukta 280 kwa inchi, zinatosha. Kwenye A2 zinabaki kama 140, na kila gurudumu linatoka na meno ambayo mvumbuzi hakuyaweka.

Dawa ni hii. Fungua ukurasa kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na kabla ya lolote ubadilishe uwe wa kijivu. Picha ya rangi mbili tupu haina rangi ya kati ya kulainishia ukingo. Tanua mara 4. Tia ukungu wa Gaussian (Gaussian Blur) wa pikseli 3 hivi ili kingo zilainike. Kisha irudishe kuwa nyeusi na nyeupe kwa kizingiti (Threshold), yaani kiwango kinachoamua kipi kiwe cheusi na kipi cheupe, cha karibu 128 kati ya 255. Ukishuka sana, mistari miembamba inakatika. Ukipanda sana, mistari ya kivuli inagandana kuwa doa. Baada ya hapo ipeleke kwenye programu ya Inkscape uigeuze kuwa vekta, yaani mistari inayokuzwa bila kupoteza ubora.

Tahadhari moja hapo. Kitufe cha kufuta madoa madogo kinafuta pia mistari ya nukta-nukta, na mistari hiyo haikuwekwa kama pambo. Inaonyesha sehemu iliyojificha nyuma ya nyingine, kwa hiyo ukiifuta umebadilisha mashine. Weka kiwango cha chini, halafu madoa ya karatasi yafute kwa mkono. Tabu, ndiyo, lakini hakuna njia ya mkato.

Mwisho tenga tabaka: fremu peke yake, gia peke yake, herufi za rejea, sahihi. Kwa fulana za kuchapwa kwa skrini, mstari ulio chini ya milimita 0.35 unaweza usipite kwenye wavu, basi unenepeshe mapema.

"Unaweza kupaka rangi utakavyo."

Unaweza, lakini kwanza soma mwanga. Kwa desturi ya wachoraji wa hataza, mwanga hutoka juu kushoto kwa nyuzi 45, ndiyo maana mistari ya kulia na ya chini ni minene zaidi. Rangi iliyokolea iende huko. Ukigeuza picha kushoto-kulia ili ikae vizuri kwenye bango, mwanga unahama na herufi zinasomeka kinyume.

"Mchoro umechorwa na mvumbuzi mwenyewe."

Mara nyingi ulichorwa na mchoraji wa kulipwa, mvumbuzi akatia sahihi chini pamoja na mashahidi. Judy Reed, mwenye hataza 305,474 ya Septemba 23, 1884 ya kifaa cha kukandia na kusukumia unga, aliweka alama ya X mahali pa sahihi. Kumbandikia jina kwa fonti ya mwandiko wa madaha ni kumzulia. Ile X ndiyo ibaki, tena ikuzwe.

"Mchoro wa hataza ya kwanza ya mwanamke Marekani upo mtandaoni."

Mary Kies alipata hataza Mei 5, 1809, ya kusuka majani makavu pamoja na hariri au uzi. Hati yake iliteketea Ofisi ya Hataza ilipoungua Desemba 15, 1836. Unachouziwa kama mchoro wake ni cha kubuni. Ukitaka kumtukuza, chora ukili kwa karibu, tabaka moja kwa kila jani, jina na tarehe vikae mahali pa jina la khanga.

"Akili mnemba itachora ya namna hiyo kwa sekunde."

Itatoa kitu kinachofanana, chenye gia zisizogusana na herufi zisizoelekeza popote. Kwenye hataza kila herufi ina maelezo yake.

"Margaret Knight alivumbua mfuko wa karatasi."

Mifuko ilikuwepo. Hataza yake 116,842 ya Julai 11, 1871 ni ya mashine ya kutengeneza mifuko yenye kitako bapa, kama ile ya kaki inayosimama yenyewe mezani.

"Hedy Lamarr alivumbua Wi-Fi, na sura yake ni ya wote."

Yote mawili si kweli. Hataza 2,292,387 ya Agosti 11, 1942, aliyoipata mwigizaji huyo wa filamu pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, ni ya mawasiliano ya redio yanayorukaruka kutoka masafa moja hadi mengine ili adui asiyaingilie. Bluetooth hutumia kuruka huko. Wi-Fi ya leo haitumii. Ukitafuta, tumia namba, maana jina lililoandikwa ni Hedy Kiesler Markey. Kuhusu sura, mwaka 1998 aliishtaki kampuni ya Corel kwa kuweka picha yake ya vekta kwenye boksi la programu ya CorelDRAW bila idhini, na shauri likaishia kwa makubaliano. Ndani ya hataza kuna mchoro wa utepe wenye matundu, mzuri sana kwa pindo la khanga, na hauna uso wa mtu.