Kikoa kidogo na mkono wa mdhibiti: jinsi serikali zinavyofungia tovuti

Jina la tovuti husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika sw.wikipedia.org, anwani ya Wikipedia ya Kiswahili, org ndicho kikoa (yaani kundi la majina ya mtandaoni) cha ngazi ya juu, wikipedia ni kikoa kilichosajiliwa chini yake, na sw ni kikoa kidogo ambacho mwenye kikoa hujiundia mwenyewe bila kuomba ruhusa. Serikali inayotaka kufungia tovuti hutegemea kile inachoweza kukiona njiani.

Njia nyepesi ni kuvuruga DNS, yaani mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya IP yenye tarakimu. Kampuni za mawasiliano huamriwa kwamba mteja akiuliza jina fulani, seva zao zimjibu uongo au zisimjibu kabisa. Kizuizi hiki hukwepwa kwa kubadilisha seva tu: Uturuki ilipofungia Twitter mwezi Machi 2014, watu walichora kwenye kuta za Istanbul tarakimu 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya DNS ya Google. China imeliziba pengo hilo, kwani vifaa vilivyowekwa kwenye njia zake za mtandao hupenyeza jibu la uongo linalomfikia mtumiaji kabla ya lile la kweli, hata kama ameuliza seva iliyo nje ya nchi. Kuna pia kufungia anwani ya IP yenyewe, ila mara nyingi tovuti nyingi hukaa kwenye anwani moja, na zisizohusika huangamia pamoja na iliyolengwa.

Kwa tovuti zinazotumia https, mawasiliano husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka njiani, lakini mwanzoni kabisa, kwa kawaida, kivinjari hutaja waziwazi jina la tovuti kinayoitafuta, katika sehemu iitwayo SNI. Mdhibiti hulisoma jina hilo, kikoa kidogo kikiwemo, kisha hukata muunganisho. Asichoweza kukiona ni ukurasa gani unaosomwa.

Hapo ndipo kikoa kidogo kinapopata uzito. Kabla ya Wikipedia kuhamia https kikamilifu mwaka 2015, China iliweza kuzuia makala mojamoja. Baada ya hapo ilibidi ichague kufungia toleo zima au kuliacha zima. Ikafungia zh.wikipedia.org, la Kichina, huku lugha nyingi nyingine zikiendelea kufunguka. Aprili 2019 amri ikapanuliwa kugusa kila jina linaloishia na wikipedia.org, na toleo la Kiswahili likafungwa pia, ingawa ni vigumu kuamini kwamba kuna ofisa wa Beijing aliyekuwa akilisoma. Uturuki nayo ilifungia lugha zote tarehe 29 Aprili 2017 kwa sababu ya makala chache zilizohusu vita vya Syria, hadi Mahakama yake ya Katiba ilipoamua, Desemba 2019, kwamba hatua hiyo ilivunja uhuru wa kujieleza. Tovuti ikafunguliwa tena tarehe 15 Januari 2020.