Kati ya mtambo wa kampuni na nyumba yako: jinsi faiba inavyogawanywa

Mteja akishafungiwa intaneti ya faiba huona vitu viwili tu: kiboksi chenye taa ukutani na uzi mwembamba unaoingia humo. Wengi hudhani uzi huo unakwenda peke yake hadi kituo cha kampuni. Kwa kawaida sivyo. Katika mfumo wa PON, ambao ndio ulioenea zaidi majumbani, faiba moja inayotoka kituoni huhudumia nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, na kinachozigawia ni kifaa kisichotumia umeme hata kidogo. Mafundi hukiita splita.

Kituoni kuna mtambo uitwao OLT, ambao hutuma mwanga wa leza. Mwanga huo ukifika kwenye splita hupita ndani ya kioo, ukiingia kwa njia moja na kutokea kwa njia nyingi. Kwa kuwa splita haina betri wala feni, inaweza kukaa miaka kwenye nguzo au shimoni bila kuguswa. Hapo ndipo unafuu wa PON ulipo.

Ila kugawa mwanga ni kuupunguza. Kila unapogawanywa katika njia mbili hupotea zaidi ya desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha upotevu wa nguvu ya mwanga), na splita ya njia 32 hula takriban 17. Faiba yenyewe, kwa umbali wa kilomita 20, hula kama 7 tu. GPON, aina moja ya PON, ya daraja la B+ inaruhusu upotevu wa desibeli 28 kwa jumla, kwa hiyo zinabaki 4 za viungio na konekta zote njiani. Ukiweka splita ya njia 64 kwa umbali huohuo, karibu hakibaki kitu. Fundi akikwambia laini yenu haiwezi kuongezewa nyumba, huenda amepiga hesabu hiyo, wala si uvivu.

Ndiyo maana usafi si jambo dogo. Kiini kinachopitisha mwanga kina upana wa mikromita 9 hivi, na chembe ya vumbi inatosha kukiziba. Konekta nazo si za kuchanganya: ya kijani imekatwa mshazari wa digrii 8, ya buluu haikukatwa hivyo, na ukizikutanisha mwanga mwingi hupotea.

Data ikishuka, OLT huzituma kwa nyumba zote, na kila kiboksi, yaani ONT, huchukua zake tu. Husimbwa kwa njia fiche ili jirani asizisome. Kupanda, yaani kutoka nyumbani kwenda kituoni, ndiko kwenye kazi. ONT mbili zikiangaza kwa pamoja, mawimbi hugongana, kwa hiyo OLT huipa kila moja zamu yake, baada ya kupima kwanza umbali wake, kwani mwanga hutumia takriban mikrosekunde 5, yaani sehemu tano za milioni za sekunde, kwa kila kilomita. Ikitokea ONT moja mbovu ikaangaza nje ya zamu, nyumba zote za tawi hilo zinaweza kukatika. Kwa mafundi ni hitilafu ya kuudhi, maana hulazimika kuzichomoa laini moja baada ya nyingine hadi mkosaji apatikane.

Kasi nayo ni ya kugawana: GPON hushusha gigabiti 2.5 kwa sekunde na kupandisha 1.25 kwa tawi zima. XGS-PON, aina ya PON yenye kasi zaidi, hufikia 10 pande zote mbili. Hutumia urefu wa wimbi tofauti, hivyo hupita kwenye faiba na splita zilezile. Kinachobadilishwa ni vifaa vya miishoni.

Kwa upande wako, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Kagua kama uzi umekunjwa nyuma ya kabati au umevutwa, kisha piga simu. Kuzima na kuwasha mara kumi hakutasaidia. Taa ya PON ikiwa imetulia kwa kijani na intaneti bado ni nzito, jaribu kompyuta kwa waya kwanza, kwa sababu mara nyingi tatizo ni Wi-Fi. Umeme ukikatika ONT huzimika hata kama kituo kinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo betri ndogo ya akiba inafaa. Na usichungulie ncha ya faiba iliyochomolewa: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.